Uzi: Kupima meno ili kujua mabaki ni ya mwanamume au mwanamke (vipimo, mahesabu na mitego)

Kalipa_Kavu (mwanzisha uzi)

Wakuu, salamu. Swali hili linarudi kila baada ya muda na majibu huwa ya pande mbili: "pima chonge, utajua" na "achana na meno, subiri DNA". Wa kwanza wanakosea zaidi, lakini hata wa pili wanatupa taarifa ambayo ingewasaidia. Naweka utaratibu hapa, wajuzi waongezee na kukosoa.

Kwa nini meno? Mfupa hubadilika maisha yote, ila enameli (gamba gumu la nje la jino) ikishaundwa haijengwi tena. Krauni (sehemu ya jino inayokuwa juu ya ufizi) ya gego la kwanza la kudumu hukamilika mtoto akiwa na miaka kama 3, ya chonge akiwa na miaka 6 hadi 7. Maana yake mtoto wa miaka 8, ambaye nyonga yake haikuambii lolote kuhusu jinsia, tayari ana chonge za saizi ya utu uzima, zimelala ndani ya taya zikisubiri kuota. Hapo ndipo kipimo hiki kina thamani. Kwa mtu mzima mwenye nyonga nzima, anza na nyonga, kisha fuvu. Meno yawe ya kuongezea uzito.

Jino linalotofautisha jinsia kuliko mengine ni chonge ya chini, 33 (kushoto) na 43 (kulia) kwa namba za madaktari wa meno. Baada yake chonge za juu, halafu magego ya kwanza na ya pili. Meno ya mbele ya chini yana tofauti ndogo mno, usipoteze muda. Na ukisikia "meno ya wanaume ni makubwa", elewa tunazungumzia milimita 0.3 hadi 0.5 kwa wastani. Tofauti hiyo inaweza kumezwa yote na mkono mzito.

Vipimo vya msingi ni viwili. MD ni upana wa krauni kufuata safu ya meno, kutoka sehemu inayogusana na jino jirani upande mmoja hadi upande wa pili. BL ni unene, kutoka upande wa shavu au mdomo hadi upande wa ulimi, pembe mraba na MD. Jino likiwa limejipinda kwenye safu, fuata mhimili wa jino lenyewe, usifuate mstari wa taya.

Maandalizi:

- Piga picha na eksirei kabla ya kugusa chochote.
- Safisha kwa maji ya uvuguvugu na mswaki laini. Usichemshe, usitumie jiki, usitumie siki wala asidi yoyote.
- Ondoa ugaga kwa kijiti cha mti au plastiki. Unapenda kukaa nyuma ya meno ya mbele ya chini, upande wa ulimi, na chonge hupata sehemu yake. Ukiuacha, unapima BL ya ugaga.
- Kausha kivulini. Jino likianikwa juani au kuwekwa ovenini, enameli inapasuka na nyufa zinaongeza kipimo.
- Kalipa (kifaa cha kupimia upana na unene) ya dijitali yenye ncha nyembamba, inayosoma hadi 0.01 mm. Irudishe sifuri kabla ya kila taya, na ihakiki kwa kipande cha chuma chenye kipimo kinachojulikana, mfano 10.00 mm.
- Pima taya lote, rudia lote mara ya pili, kisha mara ya tatu. Usipime jino moja mara tatu mfululizo, kwa sababu jicho linakumbuka namba ya kwanza na mkono unaitafuta. Vipimo vya jino moja vikipishana zaidi ya 0.2 mm, rudia.

Chukua upande wa kushoto kama kawaida yako. Likikosekana jino, tumia mwenzake wa kulia na uandike hivyo.

---

Mlinda_Magego

Shukrani mkuu. Naongezea meno ya kukataa, maana watu hupima kila kilichopo mradi fomu ijae.

Usipime MD kama jino lina tundu au limezibwa upande unaogusana na jirani, kama limevishwa kofia, au kama msuguano umekula pande hizo. Msuguano wa pembeni ndio mwizi wa kimyakimya. Kwa mtu wa miaka 50 aliyekula vyakula vigumu, sehemu za kugusana zinakuwa bapa na MD imepungua kidogo kila upande. Ukiangalia kwa lenzi utaona uso uliolala kama umepigwa msasa badala ya mviringo. Jino la namna hiyo likipimwa, mwanamume anahamia upande wa wanawake bila wewe kujua. BL hustahimili zaidi kwa sababu pande hizo hazisuguani na jino jirani.

Dawa nzuri zaidi ni kupima shingoni, pale enameli inapoishia na mzizi kuanza. Pana MD ya shingo na BL ya shingo. Msuguano haufiki huko mpaka jino limekwisha kabisa. Kasoro yake ni kwamba unahitaji kalipa yenye ncha kama sindano, na jino likiwa bado tunduni mwake huku mfupa umelizunguka, hupati nafasi ya kuingia. Kwa jino lililotoka lenyewe, kama chonge zinavyopenda kufanya kwa kuwa zina mzizi mmoja mnyoofu, ni kazi ya dakika mbili.

---

mwanafunzi_taya

Habari wakubwa. Nasoma udaktari wa meno, naomba kueleweshwa. Kwenye makala nyingi naona fahirisi ya chonge ya chini: upana wa chonge gawanya kwa umbali wa chonge mpaka chonge. Ikizidi 0.274 ni mwanamume, ikipungua ni mwanamke. Mbona hamjaitaja? Inaonekana rahisi kuliko yote haya.

---

Takwimu_Tupu

Haijatajwa kwa sababu nzuri, mdogo wangu.

Namba hiyo ya 0.274 ilitolewa na Rao na wenzake mwaka 1989 kutokana na vijana wa kusini mwa India, na wao waliripoti usahihi wa zaidi ya asilimia 80 kwa jinsia zote mbili. Kuanzia hapo imenakiliwa kila kona ya dunia. Baadaye Acharya na wenzake, nao wakiwa India, waliijaribu upya na kuonyesha kwamba fahirisi haifanyi kazi kama ilivyodaiwa, na kwamba vipimo vyenyewe vikiachwa bila kugawanywa hufanya vizuri zaidi.

Sababu unaiona kwa hesabu ya darasa la saba. Chukua namba za mfano, si za watu wowote halisi: mwanamume ana chonge ya 7.1 mm na umbali wa 26.5 mm, mwanamke 6.7 mm na 25.2 mm.

7.1 ÷ 26.5 = 0.268
6.7 ÷ 25.2 = 0.266

Chonge ya mwanamume ni kubwa, lakini na taya lake ni kubwa pia. Ukigawanya, ukubwa unafuta ukubwa, na tofauti uliyokuwa unaitafuta umeitupa wewe mwenyewe. Imebaki 0.002. Sasa mkono wako ukikosea 0.2 mm tu kwenye chonge, fahirisi inasogea 0.0075, karibu mara nne ya tofauti yote. Na angalia: kwa kigezo cha 0.274, wote wawili hapo juu ni "wanawake".

Weka mbali fahirisi. Tumia milimita.

---

Bara_Pwani

Takwimu_Tupu umemaliza kuhusu mahesabu, lakini huku kwetu fahirisi hiyo ina ugonjwa mwingine kabla hata ya kufika kwenye kugawanya.

Kuna jamii ambazo kwa mila ziling'oa meno ya mbele ya chini. Kwa Wamasai ni mawili ya katikati. Kwa Wajaluo wa zamani yalikuwa sita ya chini, maana yake chonge nazo zimo. Kwa mzee wa namna hiyo huna chonge ya chini ya kupima, na mfupa umeshajifunga. Kwa aliyeng'olewa mawili, meno yaliyobaki husogea kuziba pengo na umbali wa chonge mpaka chonge unabadilika.

Kubwa zaidi ni "meno ya plastiki", wengine husema ya nailoni. Mtoto mchanga anaharisha au ana homa, ufizi umevimba, anapelekwa kwa mtu anayechokonoa vijino vya chonge vya utotoni kabla havijaota. Uganda wanaita ebinyo. Kenya na Ethiopia ipo pia. Chini ya kile kijino ndipo chonge ya kudumu inapoanza kujengwa. Matokeo yake ni chonge ya kudumu iliyopinda, ndogo, yenye enameli yenye mashimo, au isiyokuwepo kabisa. Kwa hiyo jino ambalo vitabu vinakuambia ni bora kuliko yote ndilo lililoharibiwa na mkono wa mtu. Ukikuta chonge moja ya chini ni ya ajabu na ya upande wa pili iko sawa, shuku hilo. Ukikuta zote nne zina kasoro, usipime hata moja, hamia magegoni.

Na kwa Arusha, Kilimanjaro na Bonde la Ufa upande wa Nakuru, kuna floridi kwenye maji. Rangi ya kahawia peke yake haibadilishi kipimo. Ila ile kali, ambapo enameli inabanduka vipande vipande baada ya jino kuota, inapunguza MD na BL zote mbili. Hapo pima shingoni kama Mlinda_Magego alivyosema.

---

Kalipa_Kavu

Bara_Pwani, hilo la meno ya plastiki linastahili kuwekwa juu kabisa ya uzi. Vitabu vingi vimeandikwa mahali ambapo halipo.

Takwimu_Tupu, tufafanulie basi ukishapata milimita zako unazifanyia nini. Watu hupenda mstari mmoja wa kukatia: juu mwanamume, chini mwanamke.

---

Takwimu_Tupu

Mstari wa kukatia ndio unaowapeleka watu shimoni. Tuendelee na mfano uleule: wastani wa wanaume 7.1, wanawake 6.7, mkengeuko sanifu (kiasi vipimo vinavyotawanyika kuzunguka wastani) 0.4 kwa wote. Mstari unakaa katikati, 6.9.

Kwa namba hizo mstari utapatia kwa asilimia 69 tu. Unakosea watatu katika kila kumi, na kupiga shilingi kunakupa watano. Makundi mawili yanalaliana sana.

Sasa badala ya mstari, uliza jino lenyewe lina uzito gani. Jino la 7.3 mm liko juu ya mstari, sawa. Lakini ukilinganisha, uwezekano wa kulikuta kwa mwanamume ni mara 2.7 ya kulikuta kwa mwanamke. Hiyo ni asilimia 73. Ili ufike asilimia 95 kwa jino hili peke yake, linatakiwa liwe na 8.08 mm au zaidi, na wanaume wenye chonge hiyo kwenye mfano wetu hawafiki mmoja katika mia. Kwa maneno mengine, chonge moja haiwezi kukufikisha kwenye uhakika unaostahili kuandikwa, isipokuwa kwa bahati.

Ukiunganisha meno kadhaa kwa rigresheni ya lojistiki au mlinganyo wa kutenganisha makundi (hesabu za kuunganisha vipimo vingi kuwa jibu moja), unapanda. Tafiti nyingi huishia asilimia 70 na kitu hadi 80 na kitu. Lakini usiingize 33 na 43 zote mbili ukadhani umepata ushahidi mara mbili. Ni mapacha, jino la pili linarudia lilichosema la kwanza. Bora 33 na 36 (gego la kwanza la chini kushoto), au BL ya gego na MD ya chonge.

Jambo la pili ni orodha ya waliopotea. Tuseme ni wanaume 30 na wanawake 10. Kabla hujapima chochote, uwezekano ni tatu kwa moja. Jino la 6.7 mm, ambalo mstari unaliita la mwanamke, ukilichanganya na orodha hiyo linatoka asilimia 65 mwanamume. Namba ya kwenye kalipa haijabadilika, kilichobadilika ni watu wanaotafutwa. Kwa hiyo kwenye ripoti andika vyote viwili, kwa uwiano sawa (ukichukulia wanaume na wanawake ni idadi sawa) na kwa orodha halisi, msomaji aone umetoa wapi.

---

dada_wa_modeli

Naomba kuongeza kuhusu kutengeneza vipimo vya rejea vya kwetu, kwa sababu kila mlinganyo ni wa watu waliopimwa. Mlinganyo wa Ugiriki au Nepal ukiuleta Dodoma unakosea kwa mwelekeo mmoja: kama watu wa huku wana meno makubwa kuliko wale, karibu kila mtu anakuwa mwanamume. Dalili ni hiyo, jinsia moja inapatia asilimia 95 na nyingine 40. Mtu anaripoti wastani wa 68 na tatizo linafichika.

Njia ya kawaida ni modeli (nakala za meno) za plasta za vijana wa miaka 17 hadi 25, kabla msuguano haujaanza kula. Wanaume na wanawake idadi sawa, wasiwe ndugu, wasiwe na historia ya waya wa meno. Vibali kwanza: Tanzania kupitia NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu), Kenya kamati ya maadili ya taasisi pamoja na NACOSTI (Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu).

Alginati (dawa laini ya kuchukulia umbo la meno mdomoni) imwagiwe plasta ndani ya dakika 15 hivi. Ikikaa wazi inapoteza maji na kujikunja. Plasta ngumu yenyewe hutanuka kama asilimia 0.2, ambayo kwa jino la 7 mm ni 0.014 mm, haina madhara. Kinacholeta madhara ni mapovu: povu dogo kwenye sehemu ya kugusana linakuwa kinundu kwenye modeli na MD inaongezeka. Kinundu usikikwangue, tupa modeli.

Idadi: kila jinsia iwe na watu wasiopungua 20 kwa kila kipimo unachoingiza kwenye mlinganyo. Jaribu mlinganyo kwa watu ambao hawakuutengeneza. Ukiujaribu kwa walewale, utajisifu bure.

Na pima kosa la mkono wako. Pima meno 10 mara mbili, wiki tofauti. Chukua tofauti ya kila jino, izidishe kwa yenyewe, jumlisha zote, gawanya kwa 20 (mara mbili ya idadi ya meno), tafuta kipeo cha pili. Jumla ikiwa 0.20, kosa lako ni 0.1 mm. Kwa tofauti ya jinsia ya 0.4 mm, tayari umeila robo. Ukizidi hapo, fanya mazoezi zaidi kabla ya kugusa kesi.

---

mwanafunzi_taya

Asanteni sana walimu wangu. Na meno yaliyoungua?

---

Mlinda_Magego

Usipime krauni. Enameli na dentini (tabaka lililo chini yake) hazisinyai sawa kwenye moto. Enameli inapasuka na kubanduka kama kofia, dentini inabaki imesinyaa. Kipimo chochote hapo ni cha moto, si cha mtu.

Kilichoungua mpaka kikawa cheupe au kijivu ni chepesi kuvunjika. Kinyunyizie gundi nyepesi ya akriliki au tone la supagluu palepale kabla ya kukisogeza, vinginevyo utafika maabara na unga. Lakini tenga kwanza kipande cha DNA, gundi isikifikie.

Meno ya mbele huungua mwanzo midomo ikishakwisha. Magego yana mashavu na ulimi. Na usisahau meno ambayo hayajaota. Kwa mtoto, mfupa wa taya huyakinga, na mara nyingine chonge ya kudumu iliyo ndani inatoka nzima ambapo meno ya nje yote yameharibika. Eksirei itakuonyesha kama ipo kabla hujafungua taya.

---

Bara_Pwani

Kuhusu watoto, angalieni mfano wa msitu wa Shakahola kule Kilifi, Kenya. Ufukuaji ulianza Aprili 2023, miili zaidi ya 400, watoto wakiwemo, na utambuzi ukategemea DNA ya ndugu. Pale ambapo majibu ya maabara yanachukua muda, vipimo vya meno vinaweza kupanga foleni: umri kwa ukuaji wa meno (huo ni wa uhakika zaidi kuliko jinsia), kisha jinsia kama mwelekeo. Sampuli za familia inayotafuta binti wa miaka 9 zinalinganishwa kwanza na mabaki yanayoelekea huko. Lakini zinalinganishwa kwanza tu. Mabaki mengine hayaondolewi kwenye orodha. Kumwondoa mtoto kwenye orodha ya familia yake kwa sababu ya sehemu mbili za kumi za milimita ni uzembe.

Interpol inatambua vitambulisho vya msingi, vikiwemo alama za vidole, meno na DNA. Hapo "meno" ni kulinganisha rekodi za daktari na kinywa cha marehemu, ziba kwa ziba, mzizi kwa mzizi. Jinsia kwa kalipa haimo humo, na kuna watu wanachanganya vitu hivi viwili mpaka kwenye ripoti.

---

Kinasaba_X

Niingie kidogo upande wa maabara. Kipimo cha kawaida cha jinsia kwa DNA kinatumia jeni ya amelojenini, ambayo kwa bahati njema ndiyo inayohusika kutengeneza enameli. Nakala ya kromosomu X hutoa kipande cha herufi 106 za DNA, ya kromosomu Y herufi 112. Mwanamume anaonyesha vyote viwili, mwanamke 106 peke yake.

Mtego upo. Baadhi ya wanaume wamepoteza kipande cha Y chenye jeni hiyo, na mashine inawasoma kama wanawake. Hutokea zaidi kwa watu wenye asili ya Asia Kusini kuliko wengine, na miji yetu ya pwani ina familia nyingi za asili hiyo. Kwa hiyo nyonga na meno vikivuta upande wa kiume na amelojenini ikasema kike, omba alama nyingine za Y kabla ya kufunga faili.

DNA ikiwa imekufa kabisa, siku hizi inawezekana kusoma vipande vya protini ya amelojenini kutoka kwenye enameli yenyewe. Ukipata kipande cha Y, ni mwanamume. Usipokipata, ama ni mwanamke ama protini ilikuwa kidogo mno, na hapo lazima uangalie wingi wa kile cha X kabla ya kusema neno.

---

Kalipa_Kavu

Kwa wanaouliza maneno ya kuandika kwenye ripoti, kitu cha namna hii kinatosha:

"MD ya jino 33: 7.31, 7.28, 7.33 mm, wastani 7.31. Jino halina tundu wala msuguano wa pembeni. Rejea: (taja kundi lililopimwa na umri wao). Vipimo vinaelekea jinsia ya kiume, uwezekano 0.74 kwa uwiano sawa. Havitoshi kuhitimisha jinsia."

Hakimu akikubana "sema ni mwanamume au si mwanamume", jibu ni hiyo sentensi ya mwisho.

---

mwanafunzi_taya

La mwisho wakuu: nikishapima, jino gani nilipeleke kwa DNA, na nalifunga vipi?

---

Kinasaba_X

Gego zima lisilo na tundu wala kuzibwa, mara nyingi la kwanza au la pili, kwa sababu lina dentini nyingi na mizizi zaidi ya mmoja. Chonge uliyoipima ibaki kama kumbukumbu, mtu mwingine anaweza kuhitaji kuirudia. Glavu mpya, jino kavu, bahasha ya karatasi. Plastiki inashika unyevu na kuotesha ukungu. Andika namba ya jino, namba ya mabaki, saa na jina la aliyeling'oa kwenye bahasha kabla ya kuliweka ndani.